Kuinua na Kushikilia

Msomaji, yako maneno ambayo mtu huyatamka kila siku bila ya kuhisi uzito wake, kama mchukuzi aliyeuzoea mzigo hata akasahau kuwa anao kichwani. Neno "tayari" ni mojawapo. Neno "nimeelewa" ni la pili. Neno "imepona", ambalo fundi humwambia mwenye chombo, ni la tatu. Katika insha hii nataka kuuliza swali moja juu ya maneno ya namna hiyo. Je, mtu asemaye jambo analoliamini kwa moyo mweupe, lakini ambalo hakulipima, amesema kweli, amekosea tu, au amesema uongo? Swali hili si la mahakimu na wanavyuoni peke yao. Mimi lilinijia nyuma ya nyumba yangu, katika kibanda cha mabati, mikono yangu ikiwa imejaa mafuta, na aliyenifundisha kuliuliza alikuwa jirani yangu mwenye jeki mbovu.

Kazi yangu ni ualimu katika chuo cha kufundishia walimu. Mchana hushughulika na chaki na madaftari. Jioni, kama wengine wapendavyo bao au bustani, mimi hupenda vyuma. Katika kibanda changu nina meza ya mbao, jiliwa, spana chache, na makopo ya nati zilizokosa wenyewe. Majirani hunijia na vyombo vyao vibovu: taa, baiskeli, pampu za maji, na mara kwa mara jeki za magari. Siwatozi kitu, na kwa hiyo hunishukuru kupita kiasi. Shukrani hizo ni tamu, na baadaye utaona, msomaji, kuwa utamu wake una sehemu katika kosa ninalotaka kukusimulia.

Lakini kwanza yafaa uijue jeki yenyewe, maana bila ya kuijua hutaliona kosa. Jeki ninayoisema ni ile fupi iliyosimama kama chupa, inayofanya kazi kwa mafuta. Ndani yake mna pistoni mbili, moja nyembamba na moja nene, na kila moja hukaa katika silinda yake. Silinda hizo zimeunganishwa kwa tundu, na pembeni mna nafasi ya kuwekea mafuta. Ukiuinua mpini, pistoni nyembamba huvuta mafuta kidogo kutoka katika akiba. Ukiushusha, huyasukuma mafuta hayo chini ya pistoni nene, nayo hupanda pamoja na mzigo wake. Siri ya nguvu hiyo ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal, aliyezaliwa mwaka 1623 na kufariki mwaka 1662. Alionyesha kuwa ukiyasukuma maji au mafuta yaliyofungiwa pahali, msukumo huo huenea sawasawa kila upande. Basi pistoni yenye uso mpana hupokea nguvu nyingi kuliko ile yenye uso mdogo.

Chukua mfano wa hesabu. Ikiwa kipenyo cha pistoni nyembamba ni sentimita 1 na cha pistoni nene ni sentimita 4, uso wa pistoni nene ni mkubwa mara 16. Tuseme pia kwamba mpini umeundwa hata ukaongeza nguvu ya mkono mara 10. Ukibonyeza kwa nguvu ya kilo 10, pistoni nyembamba hupata nguvu ya kilo 100, na pistoni nene huweza kuinua kilo 1,600. Kwa kusema kweli, msuguano hula sehemu ya nguvu hiyo, lakini hata ikibaki pungufu ni ajabu kubwa kwa mkono wa mtu mmoja. Hata hivyo, usidhani kuwa umepewa kitu cha bure. Ili mzigo upande sentimita 1, pistoni nyembamba lazima itembee jumla ya sentimita 16, na mkono wako sentimita 160. Kilichopatikana katika nguvu kimelipwa katika mwendo.

Jambo la pili la kujua ni kwamba kuinua si kazi ngumu kuliko zote katika jeki. Kazi ngumu zaidi ni kushikilia. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hati ya kumlinda kwa uvumbuzi wa mashine ya kushindilia iliyotumia kanuni hiyo ya Pascal. Shida iliyomsumbua ilikuwa kuvuja: msukumo ulipokuwa mkubwa, maji yalipenya ubavuni mwa pistoni. Henry Maudslay, aliyekuwa fundi katika karakana yake, ndiye anayesifiwa kwa dawa ya tatizo hilo. Dawa yenyewe ilikuwa kipande cha ngozi kilichofinyangwa kama kikombe, kikazungushwa pistoni. Kadiri maji yalivyosukuma kwa nguvu, ndivyo ngozi hiyo ilivyojibana zaidi. Leo mahali pa ngozi tunatia mipira myembamba ya mviringo, lakini kazi yake ni ile ile. Na ili mafuta yaliyokwisha kupanda yasirudi, hutiwa gololi ndogo za chuma zinazokalia vitundu vyake. Mafuta yakija kwa upande wa kwenda, gololi huinuka na kuyapisha. Yakitaka kurudi, huyafungia mlango. Maisha ya mtu aliye karibu na gari lililoinuliwa yanaweza kutegemea gololi ndogo kama punje ya choroko, nayo yaweza kuzuiwa kufunga vema na chembe moja ya mchanga.

Magonjwa ya jeki si mengi, na aliyezoea huyatambua kwa dalili. Jeki inayopanda nusu ya kimo chake ikakataa kuendelea, aghalabu imepungukiwa na mafuta. Dawa yake ni kuishusha kabisa, kuisimamisha wima, kufungua kizibo na kuongeza mafuta mpaka yafike ukingo wa chini wa tundu. Jeki inayopanda kwa kudundadunda, kama kwamba ndani mna sifongo, imeingiwa na hewa, kwani hewa hushindilika na mafuta hayashindiliki. Hiyo hufunguliwa skrubu ya kushushia, ikapigwa mpini mara kadhaa ili hewa itoke, kisha mafuta yakatazamwa tena. Jeki isiyoinua mzigo kabisa huwa mpira wa pampu yake umelika, au skrubu haikufungwa barabara. Na mtu asitie mafuta ya breki mahali pa mafuta ya jeki, kwa sababu huiharibu mipira isiyoundwa kwa ajili yake. Jeki ya namna hiyo hufanya kazi leo na kukutupa kesho.

Lakini liko gonjwa moja lililo baya kuliko yote hayo, nalo ni la jeki inayoinua vizuri na isiyoshikilia. Hupanda bila ya kelele, mwenyewe akafurahi, na baada ya kitambo huanza kuzama. Sababu yaweza kuwa uchafu chini ya gololi, mkwaruzo katika kikalio chake, au mpira wa pistoni nene uliochoka. Ubaya wa gonjwa hilo ni kuwa halionekani pasipo mzigo. Ukiipiga jeki mpini ikiwa tupu, pistoni itapanda na kusimama, na waweza kulala ukaamka ukaikuta imesimama vile vile. Haina kinachoisukuma irudi, na kwa hiyo mafuta hayana haraka ya kutoroka. Mlango mbovu haujulikani mpaka mtu ausukume.

Sasa nisimulie kosa langu. Jirani yangu mmoja, mzee anayeheshimika katika mtaa wetu, ana gari dogo la mizigo ambalo hupakia viazi kupeleka sokoni. Jumatatu moja aliniletea jeki yake ya tani 2, akasema haipandi. Niliifungua jioni ya Jumanne. Mafuta yalikuwa meusi kama wino, na mpira wa pampu ulikuwa umekatika. Niliosha kila kipande, nikatia mpira mpya, nikaweka mafuta safi, nikatoa hewa. Nilipokuwa nikirudisha gololi mahali pake, niliangaza taa katika kikalio nikaona alama ndogo, nyembamba kama unywele. Nilisita kidogo. Nafsi yangu ikaniambia, "Labda ni kivuli." Nikairudisha gololi.

Jeki ilipokamilika niliipiga mpini, ikapanda. Niliikandamiza kwa mikono miwili, nikailalia kwa kifua, haikushuka. Kuipima kwa mzigo wa kweli kulitaka niiweke chini ya gari, nami sikuwa na gari pale. Ilinibidi nisubiri mpaka kesho niombe la jirani mwingine. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, na mezani palikuwa na madaftari 40 yaliyongoja kusahihishwa. Mara mzee akabisha hodi. Kesho yake ilikuwa siku ya soko.

"Je, Mwalimu, mgonjwa wetu hajambo?" aliuliza.

Nikamjibu, "Imepona, Mzee."

Akanipa mkono kwa furaha, akaniombea baraka, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi, njiani kwenda sokoni, gurudumu moja la gari lake lilitoboka. Mzee alikuwa na mwanawe, kijana wa umri wako, msomaji, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Waliegesha kando ya barabara, wakatega mawe nyuma ya magurudumu, wakaliinua gari kwa jeki niliyoitengeneza mimi. Lilipanda vizuri. Wakalitoa gurudumu lililotoboka. Nati moja ikaponyoka, ikaviringika mpaka uvunguni, na kijana akajilaza chini akanyoosha mkono kuitafuta. Ndipo gari lilipoanza kushuka, kwanza polepole hata halikutambulikana, kisha kwa kasi.

Mkono wa kijana yule haukuvunjika, na sababu yake haikuwa mimi. Zamani, katika ujana wake, mzee alikuwa utingo wa lori, na bwana wake wa siku zile alimfundisha desturi moja: gurudumu likitolewa, jingine lilazwe chini ya fremu ya gari kabla ya mtu kufanya jambo lolote. Mzee hakuiacha desturi hiyo maisha yake yote. Gari lilishuka likaketi juu ya gurudumu la akiba, na baina ya chuma na mkono wa kijana ikabaki nafasi ya kiganja kimoja.

Jioni alikuja kwangu. Nilitazamia hasira, na hasira ingekuwa nyepesi kuchukua. Aliiweka jeki juu ya meza yangu, akanieleza yaliyotokea, kisha akasema kwa utaratibu, "Mwalimu, jeki hii yajua kuinua. Kushikilia haijui." Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Uliponiambia imepona, uliipima kwa mzigo gani?"

Sikuwa na jibu.

Usiku ule nilijitetea mbele ya nafsi yangu kama wakili. Nilisema: mwongo ni mtu anayejua kuwa jambo ni hivi, naye akasema ni vile. Mimi sikujua kuwa jeki ni mbovu. Niliamini imepona. Aliyesema anachokiamini ni mkweli, hata kama imani yake haikupatana na mambo yalivyo. Kwa hiyo nilikosea, lakini sikusema uongo. Na kukosea si dhambi, kwani hata mabingwa hukosea. Utetezi huu una nguvu, nawe usiudharau. Kama kila anayekosea angeitwa mwongo, pasingekuwa na mkweli hata mmoja duniani.

Lakini niliporudia kulitazama neno langu, niliona lilibeba habari mbili wala si moja. Habari ya kwanza ilihusu jeki: kwamba ni nzima. Habari ya pili ilinihusu mimi: kwamba nimeihakikisha. Mzee hakunijia kupata matumaini yangu; matumaini alikuwa nayo yake mwenyewe. Alinijia kwa kuwa alidhani nimeona asichoweza kukiona yeye. Neno "imepona" likitoka kinywani mwa mpita njia ni maoni tu. Likitoka kwa fundi aliyekifungua chombo ni ushahidi. Katika habari ya kwanza nilikosea. Katika habari ya pili sikukosea, kwa maana nilijua dhahiri kuwa sikuipima kwa mzigo, nami nilimwacha mzee aamini kwamba nimeipima. Hapo ndipo uongo wangu ulipojificha, na ulijificha vizuri hata mimi mwenyewe sikuuona.

Msomaji, mawazo haya hayakuanza kwangu. Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza William Kingdon Clifford aliandika insha juu ya maadili ya kuamini, akatoa mfano wa mwenye merikebu. Merikebu yake ilikuwa kuukuu, na ilikuwa karibu kuondoka na abiria wengi waliohama kwao. Mashaka yalimjia kuwa haifai safari, lakini aliyatuliza kwa kujikumbusha kuwa imekwisha kusafiri mara nyingi na kurudi salama. Mwishowe aliamini kwa dhati kuwa ni nzima. Iliondoka ikazama. Clifford alisema kuwa mtu huyo ana hatia ya vifo vile, na kwamba unyofu wa imani yake haumwokoi, kwa sababu hakuipata imani hiyo kwa kuchunguza bali kwa kuyanyamazisha mashaka. Kisha akaongeza jambo ambalo lilinichoma zaidi: hata kama merikebu ingefika salama, hatia yake ingekuwa ile ile. Bahati njema ingemfanya asijulikane. Isingemfanya asiwe na kosa.

Nilipoukumbuka mfano huo niliuona mkwaruzo mwembamba kama unywele, na nikaisikia tena sauti iliyosema, "Labda ni kivuli." Kijana alipona kwa desturi ya baba yake. Mimi nilipata faida ya busara ya mtu mwingine. Ingekuwa ni kujidanganya tena kusema kuwa kwa kuwa hapana aliyeumia, hapana aliyekosa.

Huenda msomaji mwenye akili kali atanipinga hapa. Atasema: "Mwalimu, ukitaka mtu asiseme ila alilolipima, basi utaifunga midomo yote. Wewe darasani husema kuwa mwezi uko mbali na dunia kilomita 384,000 hivi, je, uliupima? Mama hutupa uji, naye hakuupeleka maabara. Abiria hupanda gari bila ya kufungua breki." Pingamizi hili ni la haki. Mwaka 1896 mwanafalsafa wa Kimarekani William James alimjibu Clifford kwa hoja iliyo jirani na hii, akasema kuwa yako mambo ambayo maisha yanatulazimisha kuyachagua kabla ushahidi haujakamilika, na kwamba anayengoja daima naye amechagua. Ni kweli. Mtu asiyemwamini rafiki mpaka apate uthibitisho wote hatapata rafiki kamwe.

Hata hivyo, pingamizi hilo halinisaidii mimi katika kesi yangu, na nitakueleza sababu. Kwanza, umbali wa mwezi umepimwa na watu wengi kwa njia nyingi, nami nikiutaja nasimama juu ya kazi yao. Kikalio cha gololi ile hapana mwingine duniani aliyekiona ila mimi. Pili, upimaji ulikuwa ndani ya uwezo wangu. Ulitaka usiku mmoja tu wa subira. Tatu, mzigo uliokuwa ukitegemea neno langu ulikuwa mkubwa. Kwa hiyo naona kanuni iliyo sawa ni hii: wajibu wa kupima huongezeka kwa kadiri ya madhara yatakayompata mwingine tukikosea, na kwa kadiri kupima kulivyo kwepesi kwetu. Anayekuambia kuwa mvua itanyesha kesho hana deni kubwa; anayekuambia kuwa daraja ni zima, naye ndiye mkaguzi wake, ana deni la roho za watu.

Nne, na hili ndilo kubwa, sikulazimika kuchagua baina ya kusema "imepona" na kukaa kimya. Ilikuwako njia ya tatu, nayo ni nyembamba lakini imenyoka. Ningeweza kusema, "Mzee, inapanda vizuri, lakini sijaijaribu kwa mzigo, na nimeona mkwaruzo ninaoushuku." Maneno hayo hayakuhitaji spana wala mafuta wala mwangaza. Yangemwachia mzee uhuru wa kuamua: aichukue na kuichunga, au aazime nyingine. Anayetoa habari pamoja na mpaka wake amempa mwenziwe habari kamili; anayeuficha mpaka ameiba sehemu ya habari hiyo. Wazee walinena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi usiku ule wa mvua nilijikwaa ulimi.

Kwa nini basi sikuyasema? Nimejichunguza, na sababu nilizoziona si za kujivunia. Moja ilikuwa uvivu. Nyingine ilikuwa fahari, kwani nilizoea kusifiwa, na fundi anayesema "sijui" huona kana kwamba amevuliwa kanzu hadharani. Lakini ya tatu ilivaa nguo za wema: nilitaka kumfurahisha mzee. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu, amelowa, na uso wake uliomba jibu zuri. Nilimpa jibu alilolitamani mahali pa jibu alilolihitaji. Jihadhari na wema wa namna hiyo, msomaji, kwa maana wanaoumizwa nao si wachache, na mara nyingi huumizwa na watu wanaowapenda.

Liko funzo la pili, nalo ni la mzee. Yeye aliniamini, na bado alilaza gurudumu chini ya fremu. Je, kuchukua hadhari ni dalili ya kutoniamini? Hasha. Kanuni ya karakana ni kwamba jeki ni ya kuinulia, na stendi za chuma ni za kushikilia. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kama jeki hiyo ilitoka dukani leo. Aliyeweka stendi hakuitukana jeki. Amekiri tu kuwa kila kitu kilichofanywa na binadamu chaweza kushindwa, na kuwa mkono wa mwanawe hauna mfano wake madukani. Vivyo hivyo katika mambo ya watu. Mweka hazina mwaminifu hakasiriki hesabu zake zikikaguliwa. Mwanafunzi mwaminifu haoni haya msimamizi akipita baina ya madawati. Uaminifu na ukaguzi ni ndugu. Mtu anayesema, "Kama unaniamini, usinikague," mara nyingi amekwisha kuuona mkwaruzo wake.

Sasa nimalize habari ya jeki. Niliifungua tena, mzee akiwapo. Nilimwonyesha ule mkwaruzo, nikamwambia kuwa niliuona tangu siku ya kwanza. Kukiri huko kulikuwa kuzito kuliko kazi yote iliyofuata. Kisha niliweka gololi ya zamani juu ya kikalio, nikaigonga taratibu kwa kijiti cha shaba ili kikalio kikae sawa, nikatia gololi mpya na mafuta mapya. Mara hii niliiweka chini ya gari lenyewe, stendi mbili zikiwa chini ya fremu karibu kabisa kugusana nayo, na hapana mtu aliyeruhusiwa kukaribia. Nikachora kwa chaki kimo cha pistoni, tukaenda kulala. Asubuhi alama ilikuwa imeshuka upana wa kidole, na gari limeketi juu ya stendi.

Basi niliagana na kiburi changu. Nilitoa katika mshahara wangu, nikamnunulia mzee jeki nyingine, nasi tukaipima vile vile kwa chaki na usiku mzima kabla ya kuichukua. Ile ya zamani aliniachia. Sasa imekaa juu ya rafu katika darasa langu la chuo, na ubavuni nimeiandika kwa rangi nyeupe: HAISHIKILII. Kila mwaka walimu wanafunzi huniuliza maana yake, nami huwasimulia habari hii bila ya kujipunguzia kosa.

Huwaambia pia kwa nini habari hii inawahusu wao, na inakuhusu wewe. Mwalimu akimaliza somo huuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitika kwa sauti moja, "Ndiyo, Mwalimu!" Msomaji, umeitika hivyo mara ngapi? Na mwalimu ameridhika mara ngapi, kwa kuwa kengele imekaribia na jibu ni tamu? Ndiyo hiyo ni jeki iliyopigwa mpini pasipo mzigo. Imepanda, imesimama, na wote wawili, aliyeuliza na aliyejibu, wamekubaliana kutotazama chini ya gololi. Mzigo utakuja baadaye, katika chumba cha mtihani au, kwa uzito zaidi, siku utakapokuwa wewe ndiwe muuguzi, fundi wa umeme, mhasibu au dereva, na mtu asiyekujua amenyoosha mkono wake chini ya kitu ulichosema ni kizima.

Kwa hiyo nakushauri ujizoeze sasa, wakati gharama ni ndogo. Ukisoma ukurasa, ufunge kitabu ujaribu kuueleza kwa maneno yako. Huo ni mzigo. Ukifanya hesabu, igeuze uone kama jibu linarudi mahali lilipotoka. Huo pia ni mzigo. Na ukiulizwa jambo, tenganisha katika ulimi wako mambo matatu: niliyoyaona, niliyoyasikia, na ninayoyadhani. Hapana aibu katika lolote kati ya hayo matatu, maadamu kila moja limeitwa kwa jina lake. Kesho mwalimu wako akiuliza kama mmeelewa, nawe una mkwaruzo ulio mwembamba kama unywele, nyosha mkono useme. Wenzako huenda wakacheka. Mwache mwalimu akifungue chombo tena.